Mafuta Mekundu

Siku moja ya mwezi wa Agosti, mwaka 2009, katika mpando wa barabara itokayo Mombo kwenda Lushoto, gari langu lilinitahayarisha mbele ya jamaa zangu wanne niliokuwa nimewapakia kwenda harusini. Tulikuwa tumekwisha acha joto la tambarare chini yetu, na upepo wa milimani ulikuwa umeanza kuingia madirishani, wakati sauti ya injini ilipopanda ghafla kana kwamba gari limetuliwa mzigo, ilhali mwendo wake, badala ya kuongezeka, ukawa unapungua. Nikakanyaga, injini ikalia zaidi, na gari likazidi kulegea, mfano wa baharia apigaye kasia kwa nguvu zake zote na ngalawa yake imepanda juu ya fungu. Hatimaye likasimama, likataka kurudi kinyumenyume, nasi tukashuka mbio kulitilia mawe magurudumuni. Chini yake ilitoka harufu ambayo haikuwa ya mpira wala ya breki. Ilikuwa harufu kali ya karai lililosahauliwa jikoni. Jamaa zangu walifika harusini juu ya lori lililokuwa likipanda tupu kwenda kupakia kabichi, nao wamevaa kanzu na mabuibui yao ya sherehe. Mimi nilibaki na gari langu, nikashuka nalo kwa kamba mpaka Mombo.

Huko Mombo, nikiwa nimeketi kivulini nikingoja chombo cha kunivuta mpaka Tanga, nilikuwa nimekwisha kata kesi. Wiki tatu nyuma fundi mmoja wa Ngamiani, huko Tanga, alikuwa ameyamwaga mafuta ya zamani ya gia boksi na kutia mapya; kabla ya siku hiyo gari lilikwenda, na baada ya siku hiyo gari likafa; basi mwuaji angekuwa nani kama si yeye? Hukumu hiyo niliichukua mpaka barazani kwetu, nikaisimulia penye kahawa kwa muda wa miaka miwili, bila kupunguza neno ila moja tu, ambalo nitalitaja litakapofika mahali pake.

Barazani kwetu, kama katika baraza nyingi za watu wenye magari ya umri mkubwa, palikuwa na madhehebu mawili juu ya jambo hili. Wa kwanza walisema kwamba gia boksi ya otomatiki iliyokwenda kilomita nyingi pasipo kubadilishwa mafuta haifai kuguswa tena, kwa sababu imekwisha zoeana na uchafu wake, na mafuta mapya yakiingia huosha kile kilichokuwa kikizishikiza gia zisiteleze. Wa pili walisema kwamba mafuta yakichakaa hubadilishwa, liwe gari la mwaka mmoja au la miaka ishirini, na kwamba mwenye kuogopa kuyabadilisha ni sawa na mgonjwa aogopaye kupimwa. Kisa changu cha Mombo kilikuwa hoja kubwa kwa madhehebu ya kwanza, nami bila kuchaguliwa na mtu nikawa sheikh wake.

Gari lenyewe nililinunua Dar es Salaam mwaka 2004, likiwa limetoka Japani, jeupe, la milango minne, na mita yake ikisoma kilomita 87,000. Nilikuwa mwalimu wa sekondari, na fedha niliyolipa ilikuwa akiba ya miaka saba. Kwa hiyo niliuliza maswali mengi nikajiona mjanja. Niliuliza juu ya rangi, na redio, na viti, na ubaridi wa kiyoyozi. Juu ya gia boksi niliuliza swali moja, kwamba mafuta yake hubadilishwa lini, na muuzaji akanijibu kwa bashasha kuwa mafuta ya gari la namna ile hayabadilishwi kamwe, hutiwa kiwandani yakaishi umri wote wa gari. Jibu lile lilinifurahisha, maana kila neno lipunguzalo gharama hupata masikio mepesi. Sikumwuliza ni umri upi uliokusudiwa: ule wa mwenye gari wa kwanza huko Japani, ambaye aghalabu huliuza kabla halijachoka, au ule wa mwalimu wa Tanga aliyetia nia ya kulirithisha watoto. Waama, vitabu vingi vya magari ambavyo ukurasa mmoja husema mafuta hayana haja ya kubadilishwa, katika ukurasa mwingine, uhusuo matumizi mazito, yaani joto kali na milima na mizigo na foleni, husema mambo mengine kabisa. Na matumizi ambayo kitabu huyaita mazito, sisi huyaita safari.

Yafaa nieleze hapa ni kazi gani mafuta haya huifanya, kwa kuwa taksiri yangu yote ilitokana na kudhani kwamba kazi yake ni kulainisha tu. Gari la gia za mkono lina klachi, ambayo dereva huikanyaga na kuiachia kwa mguu wake mwenyewe. Gari la otomatiki halina kanyagio hilo, na linapoondoka hapana chuma kinachoishika injini na kuifunga na gia. Kuna chombo cha mviringo, mafundi hukiita konveta, kilichojaa mafuta na ndani yake mapanga yaelekeanayo. Mapanga ya upande wa injini huyarusha mafuta, na mapanga ya upande wa gia hupigwa na mafuta yale yakazunguka, kama vile feni iwashwayo iwezavyo kuizungusha feni nyingine iliyozimwa ikiwekwa mbele yake. Kupita hapo kuna sahani nyingi nyembamba zenye utando wa kushikia, ambazo hubanwa na kuachiwa ili gia moja iingie na nyingine itoke. Na kinachozibana ni shinikizo la mafuta yale yale, yakiongozwa na vali ndogo ndani ya bamba lililochimbwa vijia vyembamba mfano wa vichochoro vya mji wa kale. Kisha mafuta hayo hayo hulibeba joto la kazi yote hiyo na kulipeleka kwenye rejeta likapoe. Kwa hiyo hutakiwa kutimiza mambo mawili yapinganayo: yateleze penye chuma na chuma, na yaache kuteleza penye sahani na sahani.

Sifa hiyo ya kuteleza kwa kiasi haikupatikana kwa urahisi. Kampuni ya General Motors ya Marekani ilitangaza gia boksi yake ya Hydra-Matic mwaka 1939, kwa magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940, nayo ndiyo iliyokuwa otomatiki ya kwanza kuuzwa kwa wingi. Na mwaka 1949 kampuni hiyo ikatoa mafuta maalumu yaliyoitwa Type A, ambayo ni wazazi wa haya yajulikanayo leo kwa jina la Dexron. Kwa miaka mingi huko Marekani mafuta ya nyangumi yalikuwa yakichanganywa ndani yake ili yapate kuteleza na kushika kwa kipimo, hata sheria za kuhifadhi wanyama za mwanzo wa miaka ya 1970 zilipolikomesha jambo hilo na kuwalazimisha wanakemia kutafuta badala. Sisi watu wa pwani, ambao samaki mkubwa tumemsikia zaidi katika kisa cha Nabii Yunusi, hatukupata kudhani kuwa nyangumi naye aliwahi kupanda gari. Ama wekundu wa mafuta haya ni rangi iliyotiwa kwa makusudi, ili mtu akiona tone sakafuni aweze kulitofautisha na oili ya injini.

Adui wa mafuta hayo ni joto. Mafundi wana kanuni yao, kwamba mafuta yafanyayo kazi karibu na nyuzi 80 za Selsiasi huishi maisha marefu, na kila nyuzi 11 hivi zinazoongezeka juu ya hapo huukata umri huo nusu; basi yakidumu katika nyuzi 91 hubaki nusu ya umri, na katika nyuzi 102 hubaki robo. Sasa utazame mpando wa Mombo, takriban kilomita 33 mpaka Lushoto, kona juu ya kona, ambamo gari haliwahi kupata mwendo wa kutulia, na konveta huyarusha mafuta pasipo kupumzika, na kila nguvu ipoteayo ndani yake hugeuka kuwa joto. Mke wangu ni mzaliwa wa Lushoto. Mpando huo niliupanda kila likizo kwa miaka mitano, gari limejaa watu na mchele na nazi wakati wa kupanda, na watu na viazi na kabichi wakati wa kushuka. Na oili ya injini niliibadilisha kila kilomita 5,000 kwa uaminifu wa mtu mwenye nadhiri, ilhali kijiti cha kupimia mafuta ya gia, kilichokuwa hatua moja tu kutoka kile cha injini, nilikuwa nikikiona kila nilipofungua boneti, nikakidhani ni cha akiba.

Dalili nazo hazikukosekana. Tangu mwaka 2008, nikitia gia ya kurudi nyuma asubuhi, gari lilikuwa likikaa kidogo kabla ya kuitika, kama mtoto aitwaye ambaye amezoea kungoja aitwe mara ya pili. Baadaye likaanza kutetemeka nikifika mwendo wa kilomita 70 kwa saa, mtetemo mdogo kama wa kupita juu ya mabua. Kisha, kati ya gia ya pili na ya tatu, injini ikawa inaruka kwanza ndipo gari lifuate. Dalili hizo nilizikaribisha moja baada ya moja na kuzizoea, kama mtu azoeavyo deni la dukani, mpaka zikabaki wiki tatu kabla ya harusi, ndipo nikaenda Ngamiani.

Mwaka 2011 nilipata gari la pili, nalo la Kijapani na la otomatiki, kutoka kwa sahibu yangu wa Muheza, mita yake ikisoma kilomita 142,000. Safari hii nilikusudia kuyafuata madhehebu yangu kwa ukamilifu, mafuta ya gia yasiguswe hata kwa kidole. Lakini sahibu yangu alisisitiza nilipeleke kwanza kwa fundi wake, mzee mmoja wa Pongwe aliyefanya kazi chini ya mkungu, nami kwa kumstahi nikaenda. Nilimwamkia mzee shikamoo, akaitikia marahaba, na alipogusia habari ya mafuta ya gia nikamsimulia kisa cha Mombo kwa ufasaha wa miaka miwili ya mazoezi. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akifuta spana zake moja moja, kisha akaniuliza swali ambalo barazani sikupata kuulizwa:

"Mwalimu, kabla hayajamwagwa, mafuta yale yalikuwa na rangi gani?"

Ulimi wangu ukafunga. Hili ndilo neno nililokuwa nikilipunguza. Fundi wa Ngamiani, kabla ya kushika spana, alikichomoa kijiti, akakipangusa juu ya kitambaa cheupe, na kitambaa kikawa na doa jeusi kama la kahawa ya mwisho ya dele. Akanisogezea ninuse, nikanusa, nikaondoa uso. Akaniambia, "Mwalimu, mafuta haya yameungua, na hizi chembe nyeusi ni utando wa sahani. Mafuta naweza kukubadilishia, utando siwezi kuuotesha. Tumwage kidogo, utembelee, tuone." Nami, mwenye harusi mbele yangu na haraka kichwani, nikamjibu kwa sauti niliyoizoea darasani, "Fundi, wewe badili yote, yaoshwe yaishe, mimi nalipa." Akanitazama, akaifungua mipira ya rejeta, akayasukuma mafuta mapya mpaka yakatoka mekundu upande wa pili. Alinionya, nikamwamuru, na gari lilipokufa nikamshitaki kwa kunitii.

Mzee wa Pongwe hakunilaumu. Aliomba tu alione lile gari la kwanza, ambalo wakati huo lilikuwa limeegeshwa uani kwangu chini ya mwembe, na kuku wakitagia chini yake. Alipoishusha sampo, yaani lile bakuli la chini la gia boksi, alinionyesha sumaku zilizomo ndani, ambazo kazi yake ni kuunasa unga wa chuma. Katika gia boksi yenye siha, alisema, hukuta unga laini wa kijivu mfano wa wanja, na huo ni uchakavu wa halali. Katika sampo yangu wanja ulikuwa umegeuka tope, na ndani ya tope mna vipande vya chuma na magamba ya utando mweusi. Kisha akafungua boneti, akakwangua vumbi penye ukingo wa chuma, na ikatokea karatasi ndogo iliyogandishwa, ya maandishi ya Kijapani, ya namna wanayoibandika mafundi wa huko kila wabadilishapo oili. Maandishi hatukuweza kuyasoma, lakini tarakimu hazina lugha: palikuwa na 15, ambayo kwa hesabu ya zama zao za Heisei ni mwaka 2003, na mbele yake palikuwa na 131,400.

Gari nililouziwa mwaka 2004 kwa kilomita 87,000 lilikuwa limekwisha pita kilomita 131,400 mwaka mmoja nyuma yake. Mita ilikuwa imerudishwa, na karatasi ile ilikuwa ikinishuhudia hivyo kwa miaka saba, chini ya boneti niliyoifungua kila Ijumaa kutia maji. Nilipoongeza kilomita 80,000 nilizoliendesha mwenyewe, ilibainika kwamba siku ile ya Mombo gari lilikuwa na kilomita zisizopungua 211,400, na hapana hata alama moja ya kuonyesha kuwa mafuta ya gia yake yalipata kubadilishwa kabla ya ile siku ya Ngamiani.

Tangu hapo nimeyatazama upya madhehebu yale mawili, na naona kwamba kosa la watu wa kwanza, ambalo ndilo lililokuwa langu, ni kosa la mantiki kabla halijawa kosa la ufundi. Watu wengi huyakumbuka mafuta ya gia siku gari lianzapo kuugua. Gari likifa baada ya hapo, mafuta mapya ya wiki tatu hubeba lawama ya mafuta machafu ya miaka kumi. Ni kama kijiji kiwapelekacho wagonjwa wake hospitali wakiwa mahututi, kisha kikapitisha neno kwamba hospitali ile inaua. Hata hivyo insafu yanilazimisha kukiri kwamba watu hao wana chembe ya haki. Uchafu ulioganda kwa miaka, ukisukumwa kwa nguvu na kwa siku moja, huweza kung'oka na kwenda kuziba vile vijia vyembamba vya vali. Na sahani iliyokwisha lika, ambayo ilikuwa ikijikokota, huweza kudhihirisha aibu yake mafuta yakiwa mapya na mepesi. Lakini hoja hiyo yafundisha upole wa kubadilisha, haifundishi kuacha.

Upole huo ndio mzee wa Pongwe alioufanya kwa gari langu la pili. Kwanza alinituma niliendeshe kilomita kumi na tano ili mafuta yapate moto, kisha akaliegesha mahali palipo sawa, injini ikinguruma, mguu wangu ukiwa juu ya breki, akaniamuru nipitishe mkono wa gia katika kila nafasi na kuurudisha kwenye P, ndipo akakichomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha na kukichomoa mara ya pili. Mafuta yalikuwa na rangi ya chai kavu iliyokolea, nayo yalinuka mafuta tu. "Haya yamechoka," akasema, "lakini hayajafa." Juu ya kijiti palipigwa chapa jina la mafuta yatakiwayo, naye hakukubali kutia mengine, hata muuza duka aliposema kuwa mekundu yote ni ndugu.

Gia boksi ile ilichukua lita saba na nusu kwa jumla, lakini ukifungua nati ya chini hutoka lita tatu tu, kwa kuwa yaliyobaki yamejificha ndani ya konveta na mabomba. Wengine huiona hali hiyo kuwa dosari. Mzee aliiona kuwa rehema. Mara ya kwanza alimwaga lita tatu, akashusha sampo, akazisafisha sumaku, akabadilisha chujio na gasketi, akatia lita tatu mpya, zilizopimwa kwa chupa ile ile iliyopima zilizotoka. Na hapo sehemu 40 katika mia za mafuta zikawa mpya. Baada ya kilomita 1,000 tukarudia, na upya ukapanda mpaka 64 katika mia. Baada ya kilomita 1,000 nyingine tukarudia tena, ukafika 78. Mimi niliyefundisha hesabu za asilimia kwa miaka mingi sikupata kuziona zikifanya kazi yenye manufaa zaidi ya hiyo. Katika muda huo wote gia boksi haikushtuliwa hata siku moja, na rangi ya kijiti ilitoka kwenye chai ikaja kwenye wekundu wa ubuyu wa Unguja. Gari hilo nililiuza mwaka 2019, mita ikisoma kilomita 246,000, na bado likipanda Lushoto.

Basi aniulizaye leo, mafuta ya gia katika gari lililokwenda sana yabadilishwe lini, humjibu kwamba kabla ya kuhesabu kilomita akaulize kijiti. Ikiwa mafuta yana wekundu, au yameingia rangi ya chai na hayana harufu ya kuungua, na gia zinaitika kwa wakati, basi abadilishe sasa, kidogo kidogo, wala asingoje dalili, kwa maana dalili ndiyo gharama yenyewe iliyokwisha fika. Na baada ya hapo afuate kitabu cha gari lake upande wa matumizi mazito, au, kitabu kikiwa kimya, asiache kilomita 60,000 zipite, na akiwa mtu wa milima na foleni afanye 40,000. Ikiwa mafuta ni meusi, yananuka, na gia zimeanza kuteleza, na ajue kuwa ugonjwa umeshavuka daraja la mafuta. Anaweza kuyabadilisha kwa upole na pengine akapata muda, lakini na aweke akiba ya kufungua gia boksi, na amwambie fundi mbele ya shahidi kwamba likifa hatamdai. Na ikiwa mafuta yametoka na rangi ya maziwa yaliyotiwa waridi, asiendeshe hata kwenda dukani: hayo ni maji ya rejeta yaliyoingia ndani ya gia, na utando wa sahani hauyavumilii maji.

Zaidi ya hayo, magari ya siku hizi yamekuja na hadhari zake. Yapo yasiyo na kijiti kabisa, ambayo kimo cha mafuta hupimwa kwa kufungua nati ya kufurikia mafuta yakiwa katika joto maalumu, ambalo kwa magari mengi ya Toyota ni kati ya nyuzi 35 na 45. Hayo si ya kupimiwa chini ya mkungu kwa kukisia. Yapo pia yale ya CVT, ambayo badala ya gia yana mkanda wa chuma upandao na kushuka juu ya magurudumu yake, nayo yana mafuta yake peke yake. Kuyatia mafuta mekundu ya kawaida ni kuyanyonga.

Baada ya kumwaga mara ya tatu nilikwenda Ngamiani na gari langu la pili. Nilimkuta yule fundi wa kwanza amelala chini ya basi dogo, nikangoja atoke, nikamwambia mbele ya vijana wake kwamba kwa miaka miwili nimemsema vibaya barazani, na kwamba yeye alininusisha ukweli nami nikageuza uso. Hakuonyesha kufurahi wala kukasirika. Alisema, "Mwalimu, yamepita," kisha, kwa kuwa fundi hawezi kusimama karibu na gari bila kufungua boneti, akafungua. Macho yake yakaangukia karatasi niliyoibandika mwenyewe juu ya chuma, kwa kuiga ile ya Kijapani, ili mtu wa baada yangu asiwe mjinga kama nilivyokuwa mimi: tarehe, kilomita, jina la mafuta, na lita tatu mara tatu, kwa mwandiko wangu bora wa ubaoni.

Aliisoma mpaka mwisho, akaigusa kwa kidole chenye grisi.

"Mwandiko mzuri," akasema. "Lakini hukuandika kwamba yalipimwa yakiwa na moto. Atakayekuja nyuma yako akipima baridi, ataona yamepungua, ataongeza. Yakizidi yatatoa povu, na gia zitateleza. Kisha atamlaumu fundi."

Nikamwomba kalamu.